Jina Ni la Nani? Mjadala wa Kindu juu ya Vikoa vya Intaneti

Watu wa Maniema, ambao tangu zama za soko la Nyangwe na za misafara ya Kasongo wamezoea kuona bidhaa za kila namna (na, Mungu atusamehe, hata binadamu wenzao) zikipimwa, zikipatanwa bei na kuhamishwa kutoka mkono huu hadi ule, hawana sababu ya kustaajabu wakiambiwa kwamba siku hizi hata jina tupu, lisilo na uzito wala harufu wala kivuli, huuzwa na kununuliwa. Linalostahili kuwastaajabisha ni kwamba mwenye kulinunua hapewi milki yake kamwe, na kwamba akipitiwa na tarehe moja tu ya malipo, jina lile ambalo amelifanyia kazi miaka kumi laweza kuangukia kwa mtu asiyemjua, aliye upande wa pili wa dunia, wala asimpate hakimu wa karibu wa kumshitakia.

Mjadala ufuatao nimeutunga juu ya shauri dogo. Ushirika wa wakulima wa mpunga, wenye mashamba kando ya reli ya kwenda Kibombo na ghala katika mtaa wa Kasuku, wataka kuwa na jina lao katika intaneti, ili mnunuzi wa Bukavu, wa Goma au wa Lubumbashi aweze kuwauliza bei bila kungoja treni. Suala ni kama jina hilo, yaani kikoa, liishie kwa .com au kwa .cd, herufi za nchi yetu ya Kongo, nani aliandikishe, na likishaandikishwa litahesabiwa kuwa la nani. Nimeziketisha sauti nne: Karani mstaafu wa posta, Kijana aliyesomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Kindu, Wakili, na Mama anayeshika hazina ya ushirika. Nimewapa vyeo pasipo majina, na mimi nitanyamaza kadiri niwezavyo, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

KIJANA: Wazee wangu, na wewe Mama, kwa ruhusa yenu nianze na asili ya jambo. Mashine zinazotunza kurasa na barua zetu hazijuani kwa majina bali kwa tarakimu. Ni binadamu, aliye mzito wa kukariri tarakimu, ndiye aliyehitaji majina. Hapo mwanzo majina yote yalikuwa katika orodha moja iliyonakiliwa kutoka mashine hadi mashine, hata orodha ikazidi kiasi, ndipo mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alipobuni utaratibu tunaoutumia mpaka leo: mwenye kutafuta jina linaloishia kwa .cd huelekezwa kwanza na seva za shina, zilizo juu ya majina yote, kwenda kwa seva zinazoshika daftari la .cd, nazo humwelekeza kwa seva ya mwenye jina. Majina hayo yalitolewa bure hadi mwaka 1995, kampuni ya Network Solutions ya Marekani ilipoanza kutoza dola 50 kwa mwaka. Leo .com hupatikana kwa dola kati ya 10 na 20 kwa mwaka, hali .cd kwa kawaida huuzwa ghali zaidi. Ushirika wetu hauna fedha za fahari. Shauri langu ni .com, na tuendelee na kazi.

KARANI: Umesema vema juu ya bei, mwanangu, lakini mimi nilitumikia posta, na posta imenifundisha kuuliza swali jingine. Nimewaona watu waliolipia sanduku la posta miaka mingi, wakaitoa anwani ile kwa jamaa na wateja wao wote, na siku walipoacha kulipa ijara ya mwaka, kufuli likabadilishwa na sanduku akapewa mpangaji mwingine. Barua zao zikaendelea kuja, lakini hazikuwa zao tena. Sioni kwamba kikoa chenu kimelizidi sanduku hilo kwa lolote, ila kwamba sanduku lilikuwa hapa Kindu, na karani wake mlimjua kwa sura, mkaweza kumfuata nyumbani kumlaumu. Ndiyo maana nataka daftari la jina letu liwe la nchi yetu. Tangu mwaka 2011 .cd imekabidhiwa posta ya taifa, ile ile iliyoniajiri mimi, na aibu iliyoje kwa mchele wa Maniema kujiita kwa herufi za Wamarekani.

WAKILI: Baba Karani, tukumbushane historia ya herufi hizo unazozionea fahari, maana ina funzo la kisheria. Nchi yetu iliitwa Zaire tangu Oktoba 1971, na intaneti ilipofika ikapewa herufi .zr. Mei 1997 utawala ukapinduliwa, jina la Kongo likarudishwa, orodha ya kimataifa ya herufi za nchi ikarekebishwa, nayo .cd ikaanzishwa mwaka ule ule, kwa kuwa .cg walikwisha kuwa nayo ndugu zetu wa Brazzaville. Kisha mwaka 2001 .zr ikafutwa katika shina. Aliyekuwa na jina chini ya herufi hizo hakukosea kulipa wala hakuvunja sharti lolote. Serikali ilibadilika, na pale jina lake liliposimama pakaondolewa. Huo ndio uthabiti wa herufi za taifa.

KARANI: Wakili, walipewa miaka minne ya kuhama. Mwenye nyumba gani hapa Kasuku atoa notisi ya miaka minne?

KIJANA: Niwape basi habari iliyo karibu zaidi, na Baba Karani aniwie radhi. Seva zinazoshika daftari la .cd nazo zina majina yao, na baadhi ya majina hayo yalijengwa juu ya kikoa kimoja kiitwacho scpt-network.com. Mwaka 2020 kikoa hicho hakikuhuishwa. Mtafiti mmoja Mswidi wa usalama wa mitandao, Fredrik Almroth, miongoni mwa waasisi wa kampuni ya Detectify, akang'amua kwamba jina linaloshika sehemu ya mlango wa taifa zima laelekea kuachwa wazi. Akaweka programu ya kulichungua, akitaraji kwamba wenyewe watalikomboa, na muda ulipokwisha pasipo mtu kujitokeza, mwishoni mwa Desemba akalinunua mwenyewe kwa bei ambayo yeyote kati yetu angeliweza kulinunua. Kwa ununuzi huo mmoja, karibu nusu ya maswali yote yaliyoulizwa ulimwenguni juu ya majina ya .cd yangeweza kujibiwa na yeye. Januari 2021 akawaandikia wasimamizi wa .cd kuwaarifu, nao wakahamia kikoa kingine, scpt-network.net. Kama angekuwa mwizi, angeweza kuwapeleka watu kwenye kurasa za bandia, kujipatia hati zinazothibitisha kwamba bandia ndiyo halisi, na kudaka barua zilizokusudiwa ofisi na kampuni za Kongo. Hiyo ndiyo mikono ninayoshauriwa niipe mchele wetu.

KARANI: Rudia jina hilo.

KIJANA: Scpt-network.com.

KARANI: Dot komu! Basi lililoachwa likaanguka si la .cd; lilikuwa miongoni mwa hayo unayoyasifu wewe. Lingesimama chini ya herufi za nchi, lisingeuzwa dukani kwa mpita njia.

KIJANA: Na walioliacha ni wenye .cd, Baba, si wenye .com. Wenye .com walifanya walichoahidi: walingoja malipo, hawakuyapata, wakaliuza.

Hapa niingilie kati, kwa kuwa naona kila mmoja amemshika mwenziwe pabaya na wote wawili wana haki, na jambo lenyewe ni zito kuliko ushindi wa yeyote kati yao. Nchi kubwa kuliko zote za Afrika kusini ya Sahara, yenye bunge, jeshi na mto wa pili kwa wingi wa maji duniani, ilining'iniza nusu ya anwani yake juu ya ijara ya dola chache kwa mwaka, na ijara ile haikulipwa. Nusu ya pili ilisalimika kwa sababu seva nyingine zilisimama juu ya jina jingine, lisiloguswa. Wala si kwa hadhari ya mtu aliyelitazamia tukio lile. Tena Mswidi yule alikuwa mwaminifu. Sioni katika kisa hiki hoja ya kuchagua .com wala hoja ya kuchagua .cd, naona hoja ya kuuliza ni nani, kwa jina na kwa namba yake ya simu, mwenye wajibu wa kukumbuka tarehe.

WAKILI: Tuseme basi hukumu. Je, jina ni mali? Mwaka 1994 Mmarekani aitwaye Gary Kremen aliandikisha jina moja la .com ambalo, kwa heshima ya Mama, sitalitamka. Mwaka uliofuata tapeli Stephen Cohen akaipelekea Network Solutions barua ya kughushi, nayo ikamkabidhi jina bila hata kumpigia simu mwenyewe. Kremen akashitaki miaka mingi. Akarudishiwa jina lake, ikaamuliwa alipwe dola milioni 65, ila tapeli alikwisha kimbia, na mwaka 2003 mahakama ya rufani huko California ikaamua kwamba jina la kikoa ni mali iwezayo kuibwa, na kwamba msajili, yaani kampuni iandikishayo majina, akilitoa kizembe aweza kuwajibishwa. Kwa hiyo ni mali.

MAMA: Kama ni mali, kwa nini kila mwaka nalipia upya? Shamba langu la Kibombo silinunui kila mwaka.

WAKILI: Mama, hapo ndipo sheria yenyewe inapojikanyaga. Ni mali mbele ya mwizi, na ni ijara mbele ya mwenye daftari. Muda ukiisha kwa .com, msajili aweza kukuachia hadi siku 45 za kuhuisha. Baada ya hapo huja siku 30 za ukombozi, ambazo ndani yake utalipa faini mara nyingi zaidi ya bei ya mwaka. Kisha siku 5 za mwisho ambazo hata fedha hazisaidii. Na sekunde ile jina linapoachiliwa, programu za madalali, ambazo kazi yake ni kungoja tu, hulidaka kabla wewe hujafungua simu. Ukitaka kulirudisha, utalinunua kwa dalali kwa bei aipendayo. Au utamshitaki kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, ambao kwao shauri husikilizwa kwa maandishi, mathalani katika Shirika la Miliki Bunifu Duniani huko Geneva, na ada yake kwa mwamuzi mmoja ni dola 1,500. Tena ni lazima uthibitishe mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina lafanana na alama yako ya biashara, kwamba yeye hana haki nalo, na kwamba aliliandikisha na kulitumia kwa nia mbaya. Ushirika usio na alama iliyosajiliwa utapata taabu hata kwenye mlango wa kwanza.

MAMA: Dola 1,500 ni magunia mangapi ya mchele? Msinijibu, najua kuhesabu.

KIJANA: Lakini, Mama, dalali naye ana riziki yake. Mwaka 1999 jina business.com liliuzwa dola milioni 7.5, na mwaka 2019 voice.com ikauzwa dola milioni 30. Kisiwa cha Anguilla, chenye watu wasiotimia elfu ishirini, kilipata mwaka 2023 zaidi ya dola milioni 30 kwa sababu tu herufi zake ni .ai, na dunia nzima imeshikwa na wazimu wa akili mnemba. Nasi tungetwaa majina mawili matatu ya miji na mito ya Maniema kabla wengine hawajayatwaa, tukayahodhi, na siku moja serikali ya jimbo au kampuni ya madini ikayataka...

KARANI: Ukawauzia watu wa Kasongo jina la Kasongo! Tulikwisha pata wafanyabiashara wa namna hiyo katika jimbo hili, na makaburi yao yapo.

WAKILI: Kisheria, jina la mji kwa kawaida si alama ya mtu, na mwenye kuliwahi mara nyingi hubaki nalo. Namuunga mkono Kijana katika sheria. Katika maadili namwachia Baba.

MAMA: Sisi twauza mchele.

Nakiri kwamba sina huruma kwa madalali hawa, ingawa wapo waungwana wanaowatetea kwa kusema kwamba wao hulipia hatari na kungoja, kama mfanyabiashara yeyote anayeweka mzigo ghalani hadi msimu wa njaa. Mimi nimeuona msimu wa njaa, na wenye maghala nimewaona. Hata hivyo haifai kujidanganya kwamba bei za mamilioni ndizo hali ya soko: majina mengi yanayohodhiwa hayapati mnunuzi, na aliyeyahodhi huendelea kuyalipia mwaka hadi mwaka mpaka tamaa imtoke. Kama siku moja ushirika utalazimika kununua jina kwa mtu, basi fedha ziwekwe amana kwa mdhamini wa tatu anayezitoa baada ya jina kuhamishwa, kwa maana ahadi ya maneno ya mtu asiyeonekana haimfungi. Na namba ya siri ya uhamisho isitumwe mapema hata kwa rafiki.

KARANI: Niseme juu ya nchi zilizouza herufi zao, nisije nikaonekana mzee wa fahari tupu. Mali iliikabidhi .ml kwa Mholanzi kwa mkataba wa miaka kumi, na majina yake yakagawiwa bure ulimwenguni kote, hata matapeli wakayafurahia. Maofisa wa Marekani, ambao barua za jeshi lao huishia kwa .mil, wakawa wakisahau herufi moja, na barua zao zikaangukia Mali; Mholanzi yule akawaonya mara nyingi, na mwaka 2023 pekee alikusanya barua zipatazo 117,000. Mwaka huo huo mkataba ukaisha na Mali ikachukua chake. Gabon nayo ikajitwalia .ga na kufuta mamilioni ya majina yaliyotolewa bure.

KIJANA: Nayajua, Baba. Sisi wanafunzi ndio tuliokuwa tukiyachukua hayo ya bure, kwa kuwa hayakudai kadi ya benki. Siku ya kufutwa hatukuwa na risiti wala mkataba wa kumwonyesha mtu.

MAMA: Sasa nisikilizeni, maana mmezunguka dunia nzima na ghala langu liko hapa. Kadi ya benki mmeitaja mwisho, nami naona ndiyo mwanzo wa maneno yote. Ushirika hauna kadi. Kwa hiyo Kijana huyu, ambaye nampenda kama mwanangu, atamwomba rafiki yake wa Kinshasa alipe kwa kadi yake, nasi tutamrudishia fedha kwa simu. Na msajili, anayemjua mwenye kulipa peke yake, ataandika jina la nani? La rafiki. Anwani ya barua pepe itakuwa ya nani? Ya Kijana. Shule moja ya hapa hapa ilifanya vivyo hivyo. Kijana wao akapata kazi Goma, akabadilisha namba ya simu, na namba ya zamani, kwa kukaa bila matumizi, kampuni ya simu ikampa mtu mwingine kabisa. Onyo la malipo likaenda katika barua pepe isiyofunguliwa na mtu. Msimbo wa siri ukaenda kwa muuza samaki asiyejua umetoka wapi. Sitasema kijana yule aliiba. Hakuiba kitu. Jina lilikuwa lake katika daftari tangu siku ya kwanza, na mkuu wa shule hakuwahi kuliuliza daftari.

WAKILI: Mama amesema katika pumzi moja nililotaka kulisema kwa vifungu. Mahakama yoyote itauliza kwanza nani ameandikwa kuwa mwenye jina, na itamwamini aliyeandikwa. Liandikwe jina la ushirika kama lilivyo katika hati zake za usajili. Barua pepe iwe ya ushirika, isiyojengwa juu ya kikoa kile kile, kwa kuwa kikianguka kitaanguka pamoja na onyo lake. Na kufuli la kuzuia uhamisho lifungwe tangu siku ile ya kwanza.

MAMA: Nami nataka tulipie miaka kumi mara moja, baada ya mavuno, tusahau shida.

KIJANA: Yawezekana, Mama, kumi ndio upeo wa .com.

WAKILI: Lakini neno "tusahau" ndilo linalonitia hofu. Katika miaka kumi mweka hazina atabadilika, namba za simu zitabadilika, na mwaka wa kumi na moja hatakuwapo hata mmoja anayejua kwamba kuna cha kulipia. Bora miaka miwili miwili, na tarehe iandikwe katika kitabu cha mikutano, isomwe katika kila mkutano mkuu pamoja na hesabu ya magunia.

Juu ya hili Mama hakukubali kwa urahisi, nami simlaumu. Anayeishi mahali ambapo intaneti yenyewe yaweza kuzimwa kwa amri, kama ilivyozimwa nchini kote baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 na kwa siku nyingi za Januari iliyofuata, ana haki ya kutaka kulipa siku ambayo fedha ipo na njia iko wazi. Nani amdhaminie kwamba siku ya mwisho ya kuhuisha haitaangukia katika giza la namna hiyo? Wakaafikiana miaka mitatu, na malipo yafanywe miezi mitatu kabla ya tarehe. Nywila wakakubaliana ziandikwe mara mbili, nakala moja katika sanduku la hazina na ya pili kwa katibu. Ila Mwenyekiti wa ushirika, ambaye sikumwalika katika mjadala huu na ambaye habari zilimfikia upesi, ametuma ujumbe kwamba yeye ndiye mkubwa na nakala zote zikae kwake, na Mama amemjibu kwamba fedha ya ushirika haijawahi kukaa kwake na nywila haitaanza.

KARANI: Na .cd yangu?

KIJANA: Baba, tumekwisha kubaliana .com ndiyo itakayoandikwa juu ya magunia.

KARANI: Juu ya magunia andikeni mpendavyo. Jina lile lile chini ya .cd nitalilipia mimi kwa pensheni yangu, asije mlanguzi wa Kinshasa akalitwaa akatuuzia, na likifunguliwa limpeleke mtu kwenye ukurasa ule ule wa ushirika.

MAMA: Lipa, Baba, na Mungu akubariki. Lakini risiti iandikwe jina la ushirika, si lako, na uniletee mimi kabla ya Jumamosi.